Namna ya Kuwauliza Vijana wa Pemba Wanachokithamini na Kinachowasumbua

Ukikaa barzani Chake Chake jioni na fomu zako mkononi, utazijaza upesi sana, na karibu zote zitakuwa za wanaume waliopata nafasi ya kukaa. Msichana aliyeko mwani, kijana aliyekwenda dago, yaani kambi ya wavuvi, mke mdogo asiyetoka nyumbani: hao hawatakuwamo, na ndio ambao hakuna anayewauliza. Mwongozo huu ni kwa anayetaka kuwafikia, wamwambie lao na si lile wanalodhani anapenda kulisikia.

Hatua ya 1: Amua kijana ni nani

Mkataba wa Vijana wa Afrika wa 2006 unamhesabu kijana kuwa wa miaka 15 hadi 35. Umoja wa Mataifa hutumia 15 hadi 24. Mimi hufuata ule wa Afrika, lakini nagawa mafungu matatu: 15–17, 18–24 na 25–35, kwani hofu za anayesubiri mtihani si za mwenye watoto watatu. Fungu la kwanza lina masharti yake. Sheria ya Mtoto ya Zanzibar ya 2011 inamtambua aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, kwa hiyo omba ridhaa ya mzazi kwanza, kisha ya mtoto mwenyewe. Mzazi akikubali na mtoto akakataa, funga daftari, aga, ondoka.

Hatua ya 2: Vibali, kisha sheha

Anza na kibali cha utafiti cha serikali, halafu wilaya, halafu sheha, mkuu wa shehia (kijiji au mtaa). Mfikie sheha mapema na mheshimu, ila asifuatane nanyi majumbani. Barua za ukaazi hupita kwake. Kwa hiyo kijana hatalisema la moyoni juu ya uongozi wa shehia hali sheha amesimama ukumbini. Pemba imepita chaguzi ngumu, na watu wana haki ya kuhofia mgeni anayeandika majina. Usiandike jina. Chama usikiulize kabisa.

Hatua ya 3: Chagua watu kwa kura

Sensa ya 2022 ilihesabu watu 543,441 Pemba, katika wilaya nne: Wete, Micheweni, Chake Chake na Mkoani. Pata orodha ya shehia zote, zigawe za mjini, za mashamba na za pwani, kisha piga kura ya bahati nasibu ndani ya kila kundi. Visiwa vidogo kama Kojani, Fundo na Kisiwa Panza viwemo kwenye orodha hiyo. Wengi huviruka kwa sababu ya mashua, na matokeo yao huwa ya watu wa kando ya barabara tu.

Kwa idadi, watu 400 waliochaguliwa kwa kura halisi hukupa jibu lenye tofauti ya kama asilimia 5 juu au chini. Lakini wa shehia moja hufanana, kwa hiyo ukiwachukua kwa mafungu ya shehia inabidi uongeze, mara nyingi hadi maradufu. Na ukitaka kusema juu ya wasichana peke yao, hesabu wasichana peke yao.

Nyumbani, waorodheshe vijana wote wanaolala hapo, aliyeko dago akiwemo, kisha chagueni mmoja kwa vikaratasi mbele ya wenyeji. Wakiona kura, wanaacha kuuliza "kwa nini huyu?" Aliyechaguliwa asipokuwepo, rudi, hata mara tatu. Usimchukue jirani yake.

Hatua ya 4: Tunga maswali yanayolazimisha kuchagua

Hapa tumia muda wako mwingi. Ukimuuliza kijana wa Pemba kama dini ni muhimu kwake, atasema ndiyo. Kama anawaheshimu wazazi, ndiyo. Anasema kweli, lakini bado hujajua chochote, maana wote wamejibu sawa. Thamani huonekana pale mambo mawili mema yanapogongana: "Kijana wa rika lako amepata kazi ya hoteli Unguja, mshahara mzuri. Mama yake anaumwa Konde, hapa Pemba, na hana mwengine wa kumtazama. Unadhani atafanyaje?" Kumsemea mwenzake humtoa haya, baadaye muulize yeye angefanyaje.

Njia ninayoipenda zaidi ni ya kete za bao. Weka kadi sita zenye picha: elimu, kazi, ndoa, ibada, afya, wazee. Mpe kete kumi azigawe kwa uzito anaoupa kila jambo. Asiyesoma anaweza, mwenye haya anaweza, na wewe unapata hesabu unayoweza kuijumlisha.

Kwa yanayowasumbua, anza na swali la wazi na uandike maneno yake kama yalivyotoka. Afrobarometer, wanaofanya tafiti za maoni barani Afrika, huwaacha watu wataje wenyewe matatizo hadi matatu, halafu ndipo majibu hupangwa kwenye mafungu. Ukianza kwa kumsomea orodha yako, atakurudishia orodha yako. Epuka pia "Unakubali kwamba…?", maana adabu itamfanya akubali. Sema: "Wapo wanaosema hivi, wapo wanaosema vile, wewe uko karibu na nani?"

Hatua ya 5: Yajaribu

Nenda shehia isiyokuwemo kwenye kura. Baada ya kila swali muombe kijana akueleze kwa maneno yake umemuuliza nini. Lisiloeleweka lifute, hata kama unalipenda.

Hatua ya 6: Wahoji na wakati

Wasichana wahojiwe na wanawake, wenye lafudhi ya hapa. Programu ya KoboToolbox hukusanya majibu kwenye simu bila mtandao, kwa hiyo kuwa mbali si kisingizio. Tazama bahari kabla ya kalenda: wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kutoka sana, wanawake wako mwani; nenda maji mafu, yanapopanda na kushuka kidogo. Msimu wa karafuu ukipamba moto, watu wote wa mashamba wako mitini.

Mama akikaa karibu kusikiliza, mwambie kwa upole: "Mama, maswali haya tunamuuliza kila mmoja peke yake. Tutakaa hapa uani, unatuona." Aone, asisikie.

Hatua ya 7: Jiandae kwa mazito

Ukiuliza hofu, siku moja utaambiwa habari ya udhalilishaji. Kabla ya kutoka, kila mhoji ajue kituo cha Mkono kwa Mkono, kinachowahudumia waliodhalilishwa, kilicho karibu na namba 116 ya simu ya watoto. Amweleze mtoto tangu mwanzo kuwa siri yake italindwa, isipokuwa akiwa hatarini. Hapo hojaji inasimama.

Hatua ya 8: Rudisha matokeo

Andika kurasa mbili kwa Kiswahili na uzisome katika kila shehia uliyohoji. Usitoe hesabu ya kijiji kimoja yenye watu wachache, wakajulikana. Na fanya kikao cha wasichana peke yao, baada ya alasiri, mahali wanapokwenda kila siku, kama chuoni (madrasa) au banda la mwani, wasilazimike kuomba ruhusa mpya.