Kabla hujaandika "amenukuliwa sana"

Mara ya kwanza nilipopewa kazi ya kupima machapisho ya mtafiti wa uhandisi wa programu, niliimaliza kwa nusu saa. Nilifungua Google Scholar, huduma ya Google ya kutafuta makala za kitaaluma, nikanakili jumla ya nukuu na kipimo cha h, namba inayojumlisha wingi wa makala na nukuu zake, nikaandika "mchango wake ni mkubwa". Mwenyekiti wa kamati akaniuliza: huyu amevumbua nini hasa? Nikabaki naitazama meza. Utaratibu ufuatao niliuanza baada ya siku ile, nao hunichukua siku mbili nzima.

Anza na jina. Google Scholar hukusanya makala kwa kukisia, na mwenye ukurasa asipozipalilia, za watu wengine huota humo humo. Niliwahi kukuta makala ya magonjwa ya mifugo katikati ya makala za upimaji wa programu, tena ndiyo iliyonukuliwa kuliko zote! Linganisha na DBLP, kanzidata ya machapisho ya sayansi ya kompyuta iliyoanzia Chuo Kikuu cha Trier, Ujerumani, mwaka 1993. Ikitambua watu wanaoshiriki jina, huwatenganisha kwa tarakimu kama 0001 na 0002. Mtafiti akiwa na ORCID, ile namba ya tarakimu 16 inayomtambulisha yeye peke yake, kazi inakuwa nyepesi.

Kisha zipange makala kwa mwaka na mahali zilipotoka. Wanakamati wa fani nyingine huuliza mbona majarida ni machache. Waeleze mapema kwamba kwetu mkutano mkubwa una uzito wa jarida: ICSE, mkutano wa kimataifa wa uhandisi wa programu ulioanza mwaka 1975, huhakiki makala nzima na hukataa nyingi kuliko inazozikubali. Lakini usidanganyike na jina la mkutano peke yake. Bango la kurasa mbili na makala kamili vyote vinaweza kubeba jina hilohilo, kwa hiyo hesabu kurasa. Na makala ya mkutano iliyopanuliwa ikawa ya jarida, mimi huziandika mstari mmoja, maana ni kazi moja ambayo nukuu zake zimegawanyika.

Namba zenyewe zisikuchukulie muda. Kipimo cha h kilipendekezwa na mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005: makala sita zikiwa zimenukuliwa mara 12, 9, 6, 4, 3 na 1, h ni 4, kwa kuwa makala nne zimefikia nukuu nne au zaidi. Katika kanzidata ileile, h haishuki, na inaweza kupanda hata mtu akistaafu, kwa hiyo kumlinganisha mkongwe na aliyehitimu juzi ni kumwonea kijana. Usichanganye pia vyanzo. Google Scholar huhesabu hata tasnifu na rasimu, ilhali Scopus, kanzidata nyingine ya machapisho, huchagua majarida na mikutano ya kuingiza. Andika chanzo na tarehe uliyoangalia.

Sasa kazi yenyewe. Chukua makala zake tatu zinazonukuliwa zaidi, na kwa kila moja fungua makala ishirini zilizoinukuu, za miaka tofauti. Tafuta sentensi inayomtaja. Mimi hugawa mafungu manne: waliotumia kazi yake, walioijaribu upya, walioipinga, na waliomtaja kwenye msururu wa majina saba ndani ya mabano. Fungu la nne ndilo hujaa haraka, na mara nyingine hubaki peke yake. Anayepingwa kwa hoja ndefu mimi humpa uzito kuliko anayetajwa kwa adabu.

Jihadhari na miongozo na makala za mapitio, ambazo huvuta nukuu kwa asili yake. Mwongozo wa Kitchenham na Charters wa mwaka 2007, kuhusu mapitio ya kimfumo ya machapisho, ni ripoti ya kiufundi tu, na umenukuliwa mara maelfu kwa sababu kila anayefanya mapitio hayo hueleza njia aliyoifuata. Huo ni mchango halisi, ila ni wa aina yake; usiuweke mzani mmoja na mbinu mpya ya kutafuta kasoro kwenye msimbo.

Kujinukuu si dhambi. Anayeendeleza chombo chake mwenyewe atakitaja. Mimi hushtuka tu nikikuta karibu wote wanaomnukuu ni yeye na wanafunzi wake.

Angalia na yasiyohesabiwa. Je, chombo alichokitoa bado kinafanya kazi? Nikiweza hukipakua na kukiendesha. Kimoja kilikataa kata kata, ingawa makala yake ilikuwa imenukuliwa kila mahali, na hilo nililiandika. ICSE pia hutuza makala iliyoonekana kuwa na athari kubwa takriban miaka kumi baada ya kutoka. Tuzo hiyo ikiwapo, itaje.

Ripoti yangu haizidi ukurasa mmoja. Jedwali la namba liko chini kabisa, na juu nimeandika amevumbua nini na nani amekitumia.