Ukija siku ya mashabiki wa hadithi za kisayansi hapa Kigoma, jiandae hivi

Mimi ni fundi cherehani, niko Mwanga, Kigoma. Pamoja na sare za shule na vitenge vya harusi, nashona mavazi ya mashabiki wa hadithi za kisayansi: marubani wa vyombo vya anga, roboti, viumbe wa sayari nyingine. Kwa hiyo naanza na vazi, maana likikusumbua, siku nzima imeharibika.

Livae nyumbani siku chache kabla. Kaa nalo kwenye kiti, panda nalo bodaboda, inama uokote kitu, kunywa maji, kisha nenda nalo msalani. Likikukatalia lolote kati ya hayo, lipunguze mapema. Roboti wa maboksi asiyeweza kukaa atasimama tangu asubuhi hadi jioni, na ukumbini kuna feni tu. Kwa joto letu, sponji ya godoro iishie mabegani na kifuani. Mgongoni weka pamba nyepesi. Kofia ya rubani itoboe matundu nyuma ya masikio. Na usikimbilie kitambaa cha bei: kitenge cha bei nafuu ukikigeuza ndani nje, rangi yake iliyofifia inatoa ngozi nzuri mno ya kiumbe wa mbali.

Wapo wanaoona haya ni mambo ya watoto. Mkutano wa kwanza wa dunia wa mashabiki hawa ulifanyika New York mwaka 1939, wakahudhuria watu kama 200 tu. Mavazi yanayokumbukwa hadi leo yalishonwa na mwanamke, Myrtle Douglas, waliyemwita Morojo. Lake alilivaa mwenyewe, na jingine akalivaa rafiki yake Forrest Ackerman. Nikikesha na cherehani, huyo mama namkumbuka sana.

Ukishafika, chukua ratiba na uchague mijadala miwili, basi. Muda unaobaki ni wa kuzungumza na watu, wale waliotoka Kasulu au walioshuka na treni kutoka Tabora, ambao huko kwao huenda hawana mtu wa kubishana naye kuhusu safari za anga. Kama hujasoma kitu kabisa, tafuta riwaya ya Walenisi ya Katama Mkangi, ya mwaka 1995: mtu anarushwa kwa chombo hadi sayari nyingine, tena kwa Kiswahili chetu hiki hiki. Ukiulizwa umeipendaje, sema yote isipokuwa mwisho.

Kwenye mjadala, swali liwe swali. Mtu akishika kipaza sauti akaanza kusimulia hadithi yake mwenyewe, wenzake wanakosa nafasi. Mimi huwapenda wanaoanzia na kitu tunachokijua. Chukua meli ya Liemba: ilijengwa Ujerumani, ikaletwa vipandevipande na kuunganishwa hapa Kigoma, ikashushwa majini mwaka 1915. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe, lakini kwanza mafundi wakazipaka injini grisi ili zisioze. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini. Sasa uliza ukumbi: ni mashine gani ya leo ungeipaka grisi na kuizamisha kwa ajili ya watu wa miaka mia ijayo? Hapo utaona wazee wa bandarini na wanafunzi wa sekondari wanavyonyang'anyana kipaza sauti.

Picha, omba kwanza. New York mwaka 2014 waandaaji wa tamasha kubwa la huko walibandika mabango kuwakumbusha watu kwamba vazi si ruhusa. Usimshike mtu, usimvute mkia aliojishonea, na kwa mtoto ongea na mzazi wake.

Kula mchana, hata kama kipindi ukipendacho kinaanza. Ila vua kwanza vazi la juu au ujifunge kanga, kwa sababu mgebuka wa mawese ukidondoka kwenye kitambaa cheupe, doa lile halitoki. Los Angeles mwaka 1972 kwenye onyesho la mavazi la mashabiki, kuna mtu alipanda jukwaani amejipaka siagi ya karanga mwili mzima. Ikachafua mavazi ya wenzake, na tangu hapo kanuni za maonyesho zikaipiga marufuku. Namtetea kila aliyeshona kwa mkono wake: kaa mbali naye ukiwa na sahani.

Mezani kwa wauzaji nenda na chenji.

Onyesho la mavazi ni jioni. Kabla hujapanda, hakikisha mfukoni una sindano yenye uzi tayari, pini kadhaa na selotepu pana. Mshono wa kwapani ndio unaoachia kwanza. Ukipanda, tembea polepole kuliko unavyodhani inatosha, ugeuke mara moja ili mgongo uonekane, kisha simama pale penye taa. Waliokaa nyuma nao wamekuja kuona.

Ukirudi nyumbani usilikunje vazi likiwa na jasho. Sponji ifue kwa maji ya baridi na sabuni kidogo, ibane bila kuisokota, uianike kivulini, maana jua la mchana huikausha ikaanza kumeguka. Boksi lililolowa halina dawa, litupe, ila vifungo na lastiki vitoe kwanza. Tutavihitaji kwa vazi lijalo.