Nairobi hadi New York: piga hesabu ya saa kabla hujafunga begi

Kutoka JKIA, uwanja wa ndege wa Nairobi, hadi JFK, uwanja wa New York, ni kama kilomita 11,800. Ndege ya moja kwa moja, iliyoanza Oktoba 2018, huchukua saa 15 hivi kwenda na karibu 14 kurudi, maana ikienda hupambana na upepo wa kutoka magharibi. Ukipitia Doha au Dubai, safari nzima haipungui saa 20.

Saa za tiketi ni za mji husika. Ukiona unaondoka saa tano usiku na kufika saa kumi na mbili asubuhi, hizo si saa 7. New York iko nyuma yetu kwa saa 8 wakati wa baridi, na saa 7 kuanzia Machi hadi mapema Novemba.

Pasipoti na viza, kagua tarehe leo. Dawa na pawabenki, mkoba wa mkononi. Ndani ya ndege inuka utembee, damu isije ikaganda miguuni.

Sasa hili lisome mara mbili. Tiketi ya shangazi yangu, ya kupitia Ghuba, iliandikwa 00:40, Jumamosi. Saa sita na dakika arobaini usiku, Jumamosi. Sote tukaona ni sawa. Jumamosi mchana tukachinja mbuzi, majirani wakaja kumuombea. Saa tatu usiku tuko uwanjani. Binti wa kaunta akaweka kidole juu ya zile sifuri mbili, akasema polepole, "Mama, ndege yako iliondoka jana usiku." Ulikuwa usiku wa kuamkia Jumamosi. Shangazi akakaa juu ya begi lake, lenye vitenge vya sare ya harusi ya binti yake, asiseme neno. Kwa kuwa hakutokea, na tiketi ya kurudi ikafutwa. Tulichanga upya, akafika siku tisa baadaye. Harusi ilikuwa imepita.

Kwa hiyo ukiona saa inaanza na 00, 01 au 02, uwanjani unakwenda jioni ya siku inayotangulia tarehe ile. Iandike kwa Kiswahili, "usiku wa kuamkia" siku fulani, ubandike mlangoni. Kisha mpe mtu mwingine aisome tiketi bila kumwambia wewe umeelewaje.

Kama unaendelea Dallas au Minneapolis, mizigo utaichukua mwenyewe JFK, upite nayo forodha, uikabidhi tena, hata kama kibandiko kimeandikwa mji wa mwisho. Acha saa 3 katikati, usikubali pungufu.

Anwani ya mwenyeji wako iwe kwenye karatasi, kwa sababu utaulizwa na simu huenda imezima. Usibebe kifurushi usichokifunga wewe, hata kikiwa cha jirani. Na foleni ya Mombasa Road, njia ya kwenda JKIA, jioni unaijua, toka nyumbani mapema.