Windows 7 inapokataa programu: jinsi ya kumjua anayekataa

Kompyuta nyingi za steshenari hapa Tanga, Ngamiani hadi Makorora, bado zinatumia Windows 7. Wenyewe si wakaidi. Mashine ina rami ya GB 2, printa ni ya zamani na draiva yake imekubali hapo tu, fomu na barua zote zimepangwa humo, na kazi inaingiza hela. Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Januari 2020, na tangu hapo kila mtengenezaji wa programu anafunga mlango kwa wakati wake. Ndipo mteja anapokuja na flashi mkononi: "Fundi, nimepakua, lakini inakataa."

Kabla ya kupambana na mashine, mjue kwanza anayekataa. Huenda ni Windows, huenda ni kisakinishi tu, huenda ni saa iliyorudi nyuma, na huenda programu yenyewe haiwezi kabisa kuishi humo. Kila mmoja ana dawa yake. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya Windows 7, ila mwenye 8.1 naye atapata cha kuchukua.

Hatua ya 1: Pima mashine

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika winver, gonga Enter. Kisanduku kinatakiwa kisomeke "Version 6.1 (Build 7601: Service Pack 1)". Ukikuta 7600, Service Pack 1 (fungu kubwa la maboresho ya Windows 7) haimo. Iweke kwanza, maana karibu kila kitakachofuata kinaidai.

Kisha bonyeza Windows na Pause, utazame mstari wa "System type": ni biti 32 au 64? Andika kwenye karatasi. Na ukiwa palepale, upande wa kushoto kuna "System protection". Ingia, bofya "Create", ipe jina lolote. Hiyo ni alama ya kurudia mambo yakiharibika. Inachukua muda mfupi kuliko kumweleza mwenye duka kwa nini printa yake haichapi tena.

Hatua ya 2: Tazama saa

Hatua hii watu huiruka kwa dharau. Kompyuta iliyochomolewa kwenye umeme usiku kucha inaamka ikisema ni mwaka 2009. Kwa tarehe hiyo, vyeti vya usalama vya tovuti vinaonekana bado havijaanza kutumika, na saini ya kisakinishi nayo inaweza kukataliwa kwa sababu hiyohiyo. Kosa linalotokea kwenye skrini halitaji saa hata kidogo.

Kisababishi ni betri ya madabodi: CR2032, ya duara, volti 3, hata mafundi saa wanayo. Kwa hewa yetu ya chumvi, vishikio vyake huliwa na kutu hata kabla betri yenyewe haijaisha, kwa hiyo kubadilisha betri peke yake hakutoshi. Zima mashine, chomoa waya wa umeme, bandua betri kwa ncha ya bisibisi ndogo, sugua vishikio taratibu kwa kifutio cha penseli mpaka ving'ae, pachika mpya, upande wenye alama ya kujumlisha ukiwa juu. Washa, rekebisha tarehe, jaribu tena kusakinisha.

Saa ikiwa sawa na tovuti bado zinagoma kufunguka, kuna sababu nyingine. Cheti mzizi kiitwacho DST Root CA X3, kilichokuwa kikidhamini tovuti nyingi zinazotumia Let's Encrypt (shirika linalotoa vyeti vya tovuti bure), kiliisha muda wake tarehe 30 Septemba 2021. Windows iliyokaa miaka bila apdeti huenda haina mrithi wake, ISRG Root X1. Njia fupi ni kutumia Firefox, kwa sababu inabeba vyeti vyake yenyewe. Nawe ukiuliza utaipakuaje Firefox kwenye mashine isiyofungua tovuti, jibu ni simu yako na waya wa USB.

Hatua ya 3: Soma maneno ya kosa mpaka mwisho

Wateja wengi wanafunga kisanduku kabla hawajakisoma. Kipige picha kwa simu, kisha utafute hapa chini.

"Not a valid Win32 application": faili ni la biti 64 na mashine ni ya 32, au faili limetengenezwa kwa Windows mpya zaidi, au bando lilikata katikati na faili limefika nusu. La mwisho unaweza kulithibitisha. Fungua cmd (dirisha jeusi la kuandikia amri), andika:

certutil -hashfile C:\kazi\programu.exe SHA256

Linganisha herufi zinazotoka na zile zilizoandikwa kwenye ukurasa wa mtengenezaji. Zikitofautiana, pakua upya. Na jihadhari na majina: faili lililoandikwa x86 ndilo la biti 32. Kuna watu wanaona 86 ni kubwa kuliko 64 wakadhani ndilo lenye nguvu.

"Another installation is already in progress" hutokea sana umeme ukikatika katikati ya kazi. Washa mashine upya. Ikiendelea, fungua Task Manager, ua msiexec.exe (kisakinishi cha Windows yenyewe), anza tena.

"The system administrator has set policies to prevent this installation" lina uzito tofauti. Mashine imefungwa na mwenye mamlaka juu yake. Kama ni ya shule au ofisi, mwulize anayeisimamia; kumpita si ufundi. Kama ni laptop ya mtumba iliyokuja na masharti ya ofisi ya kwao ilikotoka, usihangaike kufungua sharti mojamoja, futa yote na uweke mfumo upya.

Likisema "requires Windows 10 or later", nenda hatua ya 4. Likitaja faili la dll (faili la msaada ambalo programu hulitegemea) lililokosekana, nenda ya 5.

Hatua ya 4: Tafuta toleo la mwisho lililokubali

Kama utasoma hatua moja tu, soma hii. Watu wanatafuta ujanja wa kulazimisha toleo la mwaka huu, wakati toleo la miaka michache nyuma linaingia bila kelele na linafanya kazi ileile. Kwenye Windows 7, Chrome ya mwisho ni 109, ya Januari 2023. Kwa Firefox chukua 115 ESR, yaani toleo la kuhudumiwa muda mrefu. LibreOffice iliitupa Windows 7 ilipofika 25.8, kwa hiyo unachukua 25.2. Kijana anayejifunza kuandika programu atumie Python 3.8, kwani 3.9 inakataa. VLC 3 haina neno, inaingia hata kwenye XP.

Chukua faili kwenye hifadhi ya matoleo ya zamani ya mtengenezaji mwenyewe, si kwenye tovuti zenye vitufe kumi vya kijani vya kupakua. Halafu angalia ukubwa. Faili la MB moja au mbili huwa ni kisakinishi cha mtandaoni: ukikifungua kinakwenda kuvuta toleo jipya kabisa, lile lile lililokukataa. Unalotaka ni faili kamili, linalosakinisha bila intaneti. Kwa Chrome na Firefox, tarajia makumi ya MB.

Kabla ya kulifungua, bofya kulia, ingia "Properties". Chini kabisa kukiwa na kitufe cha "Unblock", kibofye. Windows huweka alama kwenye faili lililotoka mtandaoni, na alama hiyo wakati mwingine ndiyo kikwazo chote.

Hatua ya 5: Ziba mapengo ya Windows yenyewe

Dada mmoja mwenye steshenari Makorora aliniletea mashine ikiwa imeshatiwa mkono.

"Fundi, ile dll nimeipata mtandaoni, nimeitia kwenye System32. Mbona sasa inataka nyingine?"

"Itataka nyingine hadi kesho, dada. Hizo huja fungu zima, hazinunuliwi mojamoja."

Faili lililokuwa likidaiwa ni api-ms-win-crt-runtime-l1-1-0.dll. Jina linatisha lakini asili yake inajulikana: ni sehemu ya maktaba ambayo Windows 10 imezaliwa nayo na Windows 7 inaipata kwa apdeti KB2999226. Ondoa uliyoitia kwa mkono, kisha weka apdeti hiyo, au weka Visual C++ Redistributable ya 2015 hadi 2019, ambayo huja na maktaba hiyo ndani. Mashine ya biti 64 iwekee zote mbili, x64 na x86, kwa kuwa programu nyingi za zamani ni za biti 32 hata zikikaa kwenye mashine kubwa. Tovuti zinazogawa dll mojamoja ziepuke. Hujui aliyeiweka pale ametia nini ndani.

Pengo la pili ni saini. Mwaka 2019 Microsoft walihamisha saini za apdeti zao kutoka njia ya zamani, SHA-1, kwenda mpya, SHA-2, na Windows 7 ambayo haijafundishwa saini mpya inaona faili halali kuwa la bandia. Draiva nayo hugoma, na ukiitazama kwenye Device Manager inaonyesha "Code 52". Dawa ni apdeti mbili kutoka Microsoft Update Catalog: anza na KB4490628, kisha KB4474419, halafu washa mashine upya. Fuata mpangilio huo.

Faili za apdeti hizi zina mwisho wa .msu, na zina tabia ya kukwama kwenye "Searching for updates on this computer" mpaka mteja anaondoka. Ikikwama, ifunge, chomoa intaneti, fungua cmd kama msimamizi, andika net stop wuauserv, kisha fungua faili tena mara moja.

Hatua ya 6: Kisakinishi kinakataa, programu haijasema

Kuna visakinishi vinavyosoma namba ya Windows na kufunga mlango hapohapo, wakati programu iliyomo ndani haina ugomvi wowote. Wengi hukimbilia kichupo cha "Compatibility". Kwenye Windows 7 orodha ile inakwenda nyuma tu: XP, Vista na wenzao. Windows 10 haimo. Inasaidia programu ya hesabu iliyoandikwa enzi za XP, haisaidii programu mpya.

Cha kufanya ni kutoa vitu ndani bila kusakinisha. Kwa faili la .exe, bofya kulia, lifungue kwa 7-Zip, programu ya kufungulia mafaili yaliyobanwa. Mara nyingi utaona mafaili yamepangwa humo, uyatoe kwenye folda. Kwa faili la .msi, andika kwenye cmd:

msiexec /a "C:\kazi\programu.msi" /qb TARGETDIR=C:\kazi\toa

Njia ya folda iandike nzima kama hapo. Ikimaliza, ingia kwenye folda ya toa, tafuta .exe ya programu, ifungue. Ikiwaka, itengenezee njia ya mkato na kazi imekwisha, ingawa haitaonekana kwenye orodha ya programu zilizosakinishwa na mafaili yake hayatafunguka kwa kubofya mara mbili mpaka uyaunganishe mwenyewe.

Isipowaka, soma kosa. Likisema "The procedure entry point" fulani "could not be located" ndani ya KERNEL32.dll, acha. Mara nyingi programu inaita kazi ya ndani (function) ambayo Windows 7 haina, na hakuna dll ya kuongeza itakayoiziba. Rudi hatua ya 4, shuka toleo moja au mawili. Kuna watu wanauza viraka vya kubadilisha KERNEL32 yenyewe. Kwenye mashine ya kazi ya mtu mimi siviweki.

Hatua ya 7: Mwekee mipaka mwenye mashine

Programu ikikubali, mashine haijawa salama kwa hilo. Mwambie mteja wazi: kuchapa, kuskani na kuandika barua, sawa, akaunti ya benki na barua pepe yake kuu azifungue kwenye simu. Flashi za wateja zipimwe kwanza kwa antivairasi ambayo bado inahudumia Windows 7, na mafaili ya kazi yawe na nakala kwenye diski ya nje. Anayejipanga kuhamia Windows 10 ajue nayo Microsoft waliacha kuihudumia kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025.

Njia nyingine ni Linux, mfumo wa bure unaokaa mahali pa Windows. Kwa mashine ya biti 64 yenye GB 4, Linux Mint ya Xfce (sura yake nyepesi) inakwenda vizuri na LibreOffice ipo ndani. Ya biti 32 inahitaji kuchagua zaidi: Debian 12, Linux ya aina nyingine, bado ina kisakinishi chake, Debian 13 haina. Vyovyote utakavyochagua, iwashe kwanza kutoka kwenye flashi bila kufuta kitu, unganisha printa ya dukani, chapa ukurasa mmoja na uskani mmoja. Printa ikigoma, chomoa flashi, Windows 7 iache ilivyo.