Jinsi ya kuzitambua nyota zinazokaribia kufa, ukiwa shambani Newala

Mwezi wa Agosti sisi wenye mikorosho huku Kitangari tunaamka kungali giza, maana salfa, dawa ya unga ya mikorosho, inashika vizuri maua yakiwa na umande na upepo umetulia. Basi kabla hujawasha mashine ya kupulizia, tazama juu. Darubini si lazima. Unachohitaji ni usiku usio na mwezi, na macho yaliyozoea giza kwa dakika kama 20. Zima tochi, na simu usiiguse: ukiiwasha mara moja tu unaanza kuhesabu upya.

Anzia jioni. Katikati ya Agosti, saa mbili usiku, simama mahali pasipo na matawi, uangalie karibu na utosi ukielemea kusini. Utamwona Nge, kundi la nyota lenye umbo la nge, na mkia wake uliojikunja. Kifuani mwake kuna nyota nyekundu, ndiyo Antares. Vijana wanaonisaidia kupuliza wanang'ang'ania kuwa ni Mirihi. Sayari huwa zinahama. Hii haibanduki kifuani mwa Nge mwaka hadi mwaka. Tena imevimba kiasi kwamba ingekaa mahali pa Jua, Dunia na Mirihi zote zingekuwa tumboni mwake.

Lala, kisha amka saa kumi na nusu alfajiri ugeukie mashariki. Tafuta zile nyota tatu zilizopangana mstari mfupi. Kushoto kwake, chini kidogo, kuna Betelgeuse. Kulia, juu kidogo, kuna Rigel. Zilinganishe rangi, moja baada ya nyingine. Rigel ni nyeupe ya kibuluu, ina joto kali. Betelgeuse ni nyekundu, uso wake una nyuzi 3,300 hivi, wakati wa Jua una 5,500. Wekundu huo ndio dalili ya uzee. Mwishoni mwa 2019 ilianza kufifia mno, wengine wakasema imefika siku yake. Kumbe ilikuwa imetema vumbi lililoiziba.

Kinachoiua nyota kubwa kama hii ni chuma. Nyota yenye uzito unaozidi Jua mara nane au zaidi huunguza hidrojeni ikawa heli, heli ikawa kaboni, ikaendelea hivyo hadi oksijeni na silikoni, kila hatua ikiwa fupi kuliko iliyotangulia. Silikoni humalizika kwa muda wa kama siku moja. Inabaki chuma, na chuma ukikiunganisha hakitoi nishati. Kiini kinakosa cha kukishikilia, kinaporomoka chini ya sekunde moja, na tabaka za nje zinarushwa angani. Hiyo ndiyo supanova. Kinachobaki ni nyota ya nyutroni, upana wake kilomita 20 hivi, au shimo jeusi. Jua letu halina uzito wa kufikia huko. Litavimba, litapukutika, libaki kibete cheupe, yaani kiini kidogo chenye joto kali.

Sasa shika ule mfuko wa salfa. Salfa hupikwa oksijeni inapoungua ndani ya nyota kubwa, na mlipuko ndio unaoitawanya. Bila nyota kufa namna hiyo, gesi iliyozaa Jua na Dunia ingekuwa na salfa kidogo zaidi, na oksijeni ya kupumua kidogo zaidi. Chuma cha panga lako kwa sehemu kubwa kimetoka kwenye aina nyingine ya supanova, ile ya vibete vyeupe. Hizo hizo, kwa kuwa mwangaza wao hukadirika, ndizo zilizowaonyesha wanasayansi mwaka 1998 kwamba ulimwengu unatanuka kwa kasi inayoongezeka.

Ukitaka kuona palipotokea kifo, alfajiri hiyo hiyo geukia kusini ukielemea mashariki, ngumi mbili juu ya upeo, mkono ukiwa umenyooshwa. Kale kaukungu ni Wingu Kubwa la Magellan. Februari 1987 nyota ililipuka humo, ikaonekana kwa macho matupu, ingawa nuru yake ilikuwa imesafiri miaka 160,000 na zaidi. Nyutrino zake, chembe ndogo mno zinazopenya karibu kila kitu, zilinaswa Japani saa chache kabla nuru ya mlipuko haijafika.

Betelgeuse nayo iko kati ya miaka 550 na 700 ya nuru. Nuru unayoiona ilianza safari kabla Wareno hawajaivamia Kilwa mwaka 1505. Inaweza kulipuka leo au baada ya miaka 100,000, na ikilipuka tutaiona hata mchana. Kwa umbali huo haitatudhuru. Juni usihangaike kuitafuta, kwani huwa upande mmoja na Jua. Mwishoni mwa Julai itarudi alfajiri, chini kabisa mashariki.