Uchumi wa mchezo wa mkakati wa zamu: piga hesabu kwanza, msimbo baadaye

Katika mchezo wa mkakati wa zamu, kila bei ni swali la muda: pesa hii itarudi baada ya zamu ngapi, na mchezo utakuwa bado haujaisha? Mbuni aliyejibu swali hilo kwa kila jengo kabla ya kuandika msimbo amejipunguzia kazi kubwa ya kusawazisha. Kinachohitajika ni programu ya majedwali na urefu wa mchezo unaoulenga. Mifano ya hapa inachukulia mchezo wa zamu 100.

Hatua ya 1: Chagua rasilimali chache

Kwa toleo la kwanza, mbili au tatu zinatosha. Kwa kila moja andika inatoka wapi, inatumika wapi, na ghala linabeba kiasi gani. Rasilimali isiyo na matumizi hurundikana mpaka mchezaji anaacha kuitazama. Jaribu pia hivi: ondoa mbao, fidia kwa kupandisha bei za dhahabu, kisha uone kama maamuzi ya mchezaji yamebadilika. Kama hayakubadilika, zile mbao zilikuwa dhahabu iliyopakwa rangi. Zifute.

Hatua ya 2: Pima zamu za kurudisha gharama

Hapa ndipo michezo mingi huharibikia, kwa hiyo usiharakishe.

Tuseme mchezaji anaanza na mapato ya dhahabu 20 kwa zamu, na soko moja linagharimu 60 na kuleta 6 kila zamu. Gawanya 60 kwa 6: gharama inarudi kwa zamu 10. Bei inaonekana ya haki. Lakini mchezaji mjanja haweki faida kibindoni. Anajenga soko jingine, kisha jingine. Mapato yake sasa yanakua kwa takriban asilimia 10 kila zamu, riba juu ya riba. Yanakuwa maradufu kila baada ya zamu 7 hivi, na kufikia zamu ya 70 yameongezeka karibu mara 790: kutoka 20 hadi zaidi ya 15,000. Hakuna bei ya jeshi inayoweza kuwa na maana kwenye ncha zote mbili.

Dawa rahisi ni kupandisha bei ya kila soko jipya kwa asilimia 15 juu ya lililotangulia:

- Soko la 1: bei 60, hurudi kwa zamu 10
- Soko la 5: bei 105, hurudi kwa zamu 18
- Soko la 10: bei 211, hurudi kwa zamu 36
- Soko la 15: bei 425, hurudi kwa zamu 71

Mchezaji aliyefika zamu ya 40 amebakiwa na zamu 60. Soko la 10 bado linamlipa, la 15 halimlipi. Mahali fulani kati ya hayo mawili ataanza kujiuliza kama si afadhali anunue askari, na hilo ndilo swali unalotaka ajiulize. Asilimia 15 si amri. Ukiweka 5, soko la 15 bado linarudisha gharama kwa zamu 20, yaani breki haikamati. Ukiweka 30, soko la 5 tu linahitaji zamu 29, na wengi wataacha kujenga mapema mno.

Breki si lazima ikae kwenye bei. Katika mchezo wa kompyuta wa Heroes of Might and Magic III (1999), kupandisha ukumbi wa mji hugharimu dhahabu 2,500, kisha 5,000, kisha 10,000, na mapato ya siku hupanda kutoka 500 hadi 1,000, 2,000 na 4,000. Gawanya uone: kila ngazi hurudisha gharama yake kwa siku 5 zilezile. Kinachozuia ni kwamba mji hujenga jengo moja tu kwa siku, ngazi za juu hudai majengo mengine kwanza, na ngazi ya mwisho huruhusiwa mara moja tu kwa kila mchezaji. Civilization IV (2005) ilipita njia nyingine: gharama za kuendesha miji hupanda kadiri miji inavyozidi na inavyokaa mbali na mji mkuu.

Hatua ya 3: Weka matunzo ya jeshi

Askari anunuliwe kwa 40 na ale 2 kila zamu. Askari 10 watakula mapato yote ya mwanzo, nayo ni mipaka mizuri. Hatari iko kwenye kuporomoka: hazina inakauka, askari wanatoroka, mji unatekwa, mapato yanashuka, wengine wanatoroka. Zamu ya kwanza ya deni iwe onyo tu. Kuanzia ya pili, kiondoke kikosi kimoja kwa zamu, kile chenye matunzo makubwa zaidi.

Hatua ya 4: Funga mpangilio wa matukio ya zamu

Mapato, matunzo, majengo yanayokamilika, ukuaji wa watu. Mpangilio huu usibadilike. Chukua hazina 5, mapato 20, matunzo 16. Mapato yakitangulia, hazina inabaki 9. Matunzo yakitangulia, inashuka hadi -11 na askari wanatoroka kwa mtu anayepata faida ya 4 kila zamu. Ataiita hitilafu, na atakuwa na haki. Kwenye skrini onyesha hazina pamoja na mabadiliko yajayo: 5 (+4).

Hatua ya 5: Tunza sehemu ndogo za namba

Teknolojia ya kuongeza asilimia 10 juu ya mapato ya 6 inatoa 6.6, ukikata desimali inarudi 6, na mchezaji amenunua hewa. Hifadhi kila kiasi kikiwa kimezidishwa kwa 100, ugawanye wakati wa kuonyesha tu. Amua mapema pia kama nyongeza zinajumlishwa au zinazidishwa. Nyongeza tatu za asilimia 25 zikijumlishwa ni 75. Zikizidishwa ni 95. Kujumlisha ni salama zaidi.

Hatua ya 6: Kagua mizunguko ya kubadilishana

Mbao 1 inauzwa kwa dhahabu 3, jiwe 1 linanunuliwa kwa dhahabu 4, jiwe 1 linabadilishwa kwa mbao 2. Zidisha: 3 × 1/4 × 2 = 1.5. Kila mzunguko unamzidishia mchezaji mbao kwa nusu bila jasho. Jibu la kila mzunguko liwe chini ya 1.

Hatua ya 7: Waache boti wacheze

Andika boti watatu, yaani programu zinazocheza mchezo badala ya watu: mmoja hununua daima jengo linalorudisha gharama upesi zaidi, wa pili hununua jeshi tu tangu zamu ya 1, wa tatu hugawanya nusu kwa nusu. Wapambanishe mechi 1,000 kwa kila jozi. Boti wa majengo akishinda kila mara, breki ya hatua ya 2 ni dhaifu. Boti wa jeshi akimaliza kabla ya zamu ya 20, ongeza ulinzi wa miji kabla ya kugusa bei.

Rekodi pia nani aliongoza kwa mapato zamu ya 30. Ikiwa huyo ndiye mshindi karibu kila mechi, zamu 70 zilizobaki ni za kusubiri tu, hivyo kaza breki au fupisha mchezo. Badilisha namba moja kwa wakati, na urudie mechi kwa mbegu zilezile za bahati nasibu, yaani namba za kuanzia zinazoamua ramani na bahati ya kila mechi. La sivyo hutajua kama tofauti imeletwa na namba yako au na ramani.