Mtoto mdogo kwenye nyumba ya kupanga: acheze vipi, abaki salama vipi

Huku Moshi wengi wetu tunaishi nyumba za kupanga, iwe Pasua, Majengo, Njoro au Soweto, vyumba vimezunguka uwanja mmoja, bomba moja, kamba za nguo, majiko barazani, pikipiki ya jirani imeegeshwa ukutani na watoto wanazunguka humo kutwa nzima. Ukiwa na mtoto wa chini ya miaka mitano wengi wanaona njia ni mbili tu, umfungie ndani na katuni au umuachie uwanja na kumuombea. Mimi nasema ipo nyingine na inawezekana hata kwa chumba kimoja: hatari zitoe kwanza wewe, halafu mtoto muache acheze kweli, achafuke, apande, amwage, maana huko ndiko anakojifunzia. Uwanja ukiwa haujatengenezwa utashinda unasema "acha hicho, toka hapo", mtoto hajifunzi na wewe jioni umechoka hoi.

Anza kwa kupiga magoti uzunguke uwanja mzima ukiwa na kimo chake. Ukiwa chini hivo unaona vitu ambavyo ukisimama huvioni kabisa, waya wa birika la umeme unaning'inia, kitambaa cha meza kimebeba chupa ya chai na kona yake iko usawa wa mkono wake, mpini wa sufuria umeelekea nje, msumari kwenye ubao wa kibanda cha kuku. Rekebisha hapo hapo, usiseme kesho.

Kitu cha kwanza kabisa ni maji, na hapa naomba unisikilize vizuri. Mtoto anayeanza kutembea kichwa chake ni kizito ukilinganisha na mwili, akiinamia ndoo akatangulia kichwa hawezi kujinyanyua, na mara nyingi hapigi hata kelele, anazama kimya kimya wewe uko hatua chache unaanika nguo. Maji ya kina cha sentimita 5 tu yanatosha. Kwa hiyo ile ndoo ya lita 20 iwe na mfuniko unaobana, beseni la kufulia ukimaliza limwage saa hiyo hiyo ulifudikize, pipa la maji ya mvua liwekewe mfuniko mzito, kitambaa au kipande cha bati kilichoegeshwa tu sio mfuniko. Angalia na shimo la choo kama lile bati la juu halijaoza. Na nyie mnaokaa juu huko Kibosho, Machame, Marangu, mfongo, ule mfereji wa maji, ukipita kihambani, yaani shambani nyumbani, watoto wachezee upande mwingine wa nyumba, masale, yale majani ya uzio, hayazuii mtoto, anapenya katikati kama hakuna kitu.

Moto sasa. Jiko la mkaa likae juu ya kitu kisichoyumba au nyuma ya kizuizi, sio njiani. Majivu ndio watu wanayasahau, yanamwagwa nyuma ya nyumba juu yanaonekana meupe yamepoa kumbe chini kuna makaa, mtoto anakanyaga peku. Yamwagie maji kwanza. Halafu baridi ya mwezi wa sita na wa saba, Arusha na huku kwetu, watu wanaingiza jiko chumbani wanafunga dirisha walale na joto. Usifanye hivo hata siku moja, ile gesi ya sumu ya mkaa haina rangi wala harufu, inaua familia nzima wakiwa usingizini. Mvalishe soksi na sweta mbili, inatosha.

Mafuta ya taa, jiki, dawa ya panya, dawa ya kupulizia kahawa au nyanya, vyote vikae juu kwenye kabati linalofungwa na visiwekwe kwenye chupa ya soda wala ya maji, KAMWE. Mtoto anajua chupa ya soda ina soda, hajui kingine. Betri zile bapa za duara kama sarafu, za kwenye rimoti na midoli inayoimba, zikimezwa zinaweza kuunguza koo ndani ya masaa mawili, kwa hiyo kile kifuniko cha nyuma kifunge na skrubu au zungushia selotepu. Vitu vidogo pima na lile bomba la boksi la katikati ya tishu ya chooni, kinachopita humo asipewe wa chini ya miaka mitatu, na karanga nzima nazo subiri mpaka amevuka miaka minne. Kama uzio wenu ni wa minyaa, ule mti wenye utomvu mweupe, wafundishe wasivunje matawi, ukiingia jichoni ni hatari sana. Mbegu za mnyonyo zile zenye madoa mazuri watoto wanapenda kuokota kuchezea, ni sumu, mche wake ng'oa tu. Na geti liwe na komeo juu, bodaboda hazina breki kwa mtoto aliyechomoka ghafla.

Sasa uwanja ni wa wote, huwezi kuutengeneza peke yako, na hapa ndipo wengi wanakwama wanaona aibu. Nenda kwa jirani jioni akiwa ametulia, usiende wakati umeshakasirika. Mwambie, "Jirani, pole na shughuli, naomba tusaidiane kitu, huyu mtoto wangu ameanza kutembea, jiko lako tulisogeze pale kwenye ukuta mfupi, na hii ndoo nimekuletea mfuniko." Ukienda na mfuniko mkononi anaona umekuja kusaidia, hujaja kulaumu. Kwa mwenye nyumba ni hivo hivo, "Shikamoo mama, naomba tuweke komeo la juu getini, fundi nitamlipa mimi." Mkubaliane pia zamu za kuangalia watoto, na anayeangalia anaangalia, hachati, hasuki mtu nywele. Mtoto wa miaka saba sio mlezi, ni mtoto mwenzao, msimtwike huo mzigo.

Uwanja ukishakaa sawa, tulia umuangalie mtoto anataka nini, usikimbilie kumfundisha. Mfano mchezo wa maji, ambao ndio naupenda kuliko yote. Mwekee karai lenye maji kidogo sana, kikombe, kijiko, kichujio cha chai na chupa uliyoitoboa matundu chini, halafu kaa pembeni yake, usiondoke hata dakika moja. Atachota, atamimina, kikombe kitafurika, ataganda akiangalia maji yanavyomwagika, halafu atakuangalia wewe. Hapo ndipo penyewe. Mwambie "kimejaa, kimemwagika!" kisha nyamaza umsubiri. Atachota tena au atatoa neno lake, na wewe mjibu, nipe nikupe hivo hivo. Ndani ya mchezo huo kuna kujaa, kupungua, kikubwa, kidogo, kuelea, kuzama, na maneno yanaingia kichwani yenyewe kwa sababu ni ya kitu alichokishika. Maswali ya mtihani ya "hii rangi gani, hizi ngapi" yakizidi anaacha kucheza anaanza kukuogopa. Mkimaliza mwaga maji. Na bibi yake akiongea naye Kichaga au Kimeru muache aongee, mtoto anabeba lugha zote bila shida.

Midoli ya dukani sio lazima. Wa miezi michache mpe kijiko cha mbao na sufuria agonge, imba naye, jifiche nyuma ya khanga halafu utokee. Wa mwaka mmoja na kitu anapenda kutia na kutoa, mpe magunzi na kopo, atarudia mpaka wewe uchoke, usimkatishe. Boksi la sabuni ni gari, nyumba, na kitanda. Akifika miaka mitatu anaanza kibaba na kimama, anapika matope na majani, wewe kuwa mteja, kaa kwenye kigoda uulize "chapati shilingi ngapi?", mpe majani kama hela, dai chenji, lalamika kwamba chai haina sukari. Hesabu, kusubiri zamu, kujieleza, vyote vimo na hakuna aliyeshika daftari. Wa minne na mitano ukuti ukuti, mdako, kombolela. Kwa kombolela tu, maana wanajificha, hakikisheni hakuna friji bovu au sanduku kubwa uwanjani, mtoto akijifungia ndani hewa inaisha, toeni mlango wake kabisa.

Kupanda pia muache apande. Tawi la mparachichi lililo usawa wa kifua chake, udongo laini chini, wewe umesimama karibu, sio unamshika. Asiyewahi kupanda hajui mwili wake unaweza nini na siku akipata nafasi anapanda ukuta mrefu. Kiti cha plastiki ndio mkatalie, kinateleza.

Simu: Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa 2019 linasema mtoto wa chini ya miaka miwili asikae kwenye skrini kabisa, wa miaka miwili mpaka minne isizidi saa 1 kwa siku, na kuanzia mwaka mmoja apate angalau dakika 180 za kujisogeza na kuchezacheza kwa siku nzima. Babu akisema kucheza ni kupoteza muda, mwambie hata serikali programu yake ya taifa ya malezi na makuzi ya watoto, iliyozinduliwa Desemba 2021, imeweka ujifunzaji wa awali na ulinzi na usalama sambamba na afya na lishe. Na kwa ulinzi, michezo yote iwe mahali panapoonekana, mtoto asiitwe chumbani kwa mtu mlango ukafungwa, hata kama ni jirani mnayeheshimiana naye. Ukiona kitu hakieleweki piga 116, ni bure, ni namba ya msaada kwa mtoto.

Haya mengine mfundishe na dada wa kazi, ayajue kabla ya siku yenyewe. Ameungua: maji ya bomba ya kawaida yanayotiririka dakika 20, vua nguo kama haijagandia, hakuna dawa ya meno, hakuna unga wala mafuta, funika kitambaa safi mwende hospitali. Amepaliwa na anakohoa kwa nguvu, muache akohoe. Hawezi kukohoa wala kulia, muinamishe kichwa kiwe chini, mpige mara 5 katikati ya mabega kwa kisigino cha kiganja, haijatoka na hajafika mwaka mgeuze ubonyeze katikati ya kifua kwa vidole viwili mara 5, aliyevuka mwaka simama nyuma yake ubonyeze tumbo juu ya kitovu kuingia ndani na juu mara 5, unarudia huku mtu mwingine anatafuta usafiri. Amekunywa mafuta ya taa: usimtapishe, usimpe maziwa, akitapika yanaweza kuingia kwenye mapafu. Kimbilia Mawenzi, KCMC au hospitali iliyo karibu nawe, na ile chupa aliyokunywea ibebe uende nayo daktari aione.